Mkono Mmoja, Majina Mawili

Thornton Heath, London
Jumamosi, 14 Juni 2003

Kwa baba yangu mpenzi, Mwalimu Himid, Wete, Pemba.

Asalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo, baba. Wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba neno hilo asili yake ni "nashika miguu yako", basi naishika kutoka huku niliko, na leo nakuomba usiniulize kama ni "foot" au ni "leg", maana nimechoka na viungo vya mwili. Natumai barua hii itakukuta u mzima, presha imeshuka, na miwani mipya imeacha kukuteleza puani. Mama nasikia goti limemrudia. Mwambie aache ubishi. Bomba limo uani mwake, hana haja ya kwenda kwa jirani na ndoo ati kwa sababu kule ndiko kwenye mazungumzo.

Sisi huku hatujambo. Mkweo Hussam mgongo unamsumbua, na kazi ya ukarani ni kukaa kutwa, kwa hiyo akirudi nyumbani hulala sakafuni kwanza kama robo saa ndipo asalimiane na watu. Ghalia ametimiza miaka kumi na miwili na amenipita urefu. Kila ninalomwambia kwa Kiswahili analielewa, na kila analonijibu ni Kiingereza. Juzi nikamwambia kwamba babu yake angemsikia angemtia adabu. Akaniuliza, kwa Kiingereza, inakuwaje mtu aliyesomesha Kiingereza miaka thelathini amtie adabu mjukuu wake kwa kusema Kiingereza. Nikamtuma akakunje nguo.

Nakuomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ya mwezi wa Machi ilifika salama pamoja na bahasha ile nene, na tangu siku hiyo imekaa juu ya friji kila nikipita naiona. Nilifurahi sana kusikia kwamba kustaafu hakujakustaafisha, na kwamba watoto wa mtaani wanajaa barazani kila alasiri kwa masomo ya ziada. Kitabu chako cha maneno pacha nimekisoma chote, kurasa thelathini na moja, kwa mwandiko wako ule ule usiozeeka. Umenikumbusha utoto. "Borrow" na "lend", yote mawili kwetu ni kuazima. "Hear" na "listen". "House" na "home", ambayo uliandika pembeni kwamba tofauti yake anaijua mtu aliyehama tu. Hapo nilifunga kitabu kidogo, kisha nikaendelea.

Uliniomba nikisahihishe kabla hujakipeleka Chake Chake kupigwa chapa. Nimesahihisha kurasa zote isipokuwa mmoja, nao nitaueleza mwishoni. Ukaniachia pia nafasi tupu kwenye ukurasa wa ishirini na nne, mbele ya "mistake" na "fault", ukaandika kwa penseli: Mardhiya, yote haya ni kosa, wewe uliyeko kwao utajua tofauti. Ukaongeza kwamba unataka kuwafasiria watoto ile methali ya kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa, nawe hujui kosa lipi kati ya hayo manne liwe lipi.

Nilifikiri ni kazi ya dakika tano. Nilimuuliza Ghalia akiwa mbele ya televisheni, naye hata hakugeuka. Alisema la kwanza ni kile ulichofanya, na la pili ni nani wa kulaumiwa. Kamusi yangu ina nusu ukurasa na haikusema vizuri zaidi. Ningeweza kukuandikia maneno hayo siku ile ile na kukurudishia bahasha. Sikuweza, baba, na kwa nini sikuweza ndiyo barua yenyewe.

Wewe huwaambia watu huko kwamba binti yako ni ulimi wa wasio na ulimi. Mama alinisimulia kwamba ulilisema hata kwenye harusi ya binti yake Mwalimu Method, watu wakapiga makofi. Nashukuru, lakini acha nikwambie kazi hii ilivyo. Wakala wa wakalimani ananipigia simu asubuhi: nenda Lewisham, hospitali, mama mjamzito. Namaliza, simu inalia: nenda Croydon, mtu na mwenye nyumba wake. Namaliza, nenda mahakamani. Natoka treni naingia basi, natoka basi naingia tremu. Siku nzima nasema "mimi" na si mimi. Nasema mimi nimefiwa, mimi nimefukuzwa, mimi damu haikatiki, na jioni Hussam akiniuliza siku yangu ilikuwaje nakosa neno. Miaka tisa sasa. Tena wengi wanaokuja siku hizi si watu wa visiwani wala wa bara yetu, ni Wakongo wa mashariki, watu wa Uvira na Bukavu. Kiswahili chao ni chao, wanasema "balikuja" tunaposema "walikuja", na mwanzoni nilikuwa nacheka moyoni. Sasa sicheki. Nimesikia kwa Kiswahili hicho mambo ambayo chetu hakijapata kuyasema.

Mmoja wao anaitwa Fortunat, seremala wa Uvira, mtu wa miaka arobaini na kitu, mpole, mwenye mazoea ya kukung'uta kiti kwa kiganja kabla hajakaa. Mkewe Euphrasie na watoto watatu wamo kambini huko mpakani, na hawezi kuwaita mpaka yeye mwenyewe apewe ruhusa ya kukaa nchi hii. Mwezi wa Novemba uliopita aliitwa kwenye mahojiano ya uhamiaji, yale ambayo mtu huulizwa kwa nini alikimbia kwao, na kila neno huandikwa. Mkalimani siku hiyo nilikuwa mimi.

Alieleza jinsi askari walivyoingia karakana yake wakitaka mbao na vijana. Vijana hakuwatoa. "Balinikata ku mukono, mama," aliniambia, ingawa sheria ni kwamba amtazame ofisa, si mimi. Na mimi nikamwambia ofisa kwamba walimkata kwa panga, nikataja "hand". Ofisa akauliza ni ipi, kulia au kushoto. Kushoto. Akaandika.

Sasa wewe ni mwalimu, unaona palipo na shida. Kiswahili kina mkono mmoja. Unaanzia begani na kwisha kwenye kucha, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba ni vitu viwili. Shati lina mikono mirefu. Bahili ni mkono wa birika. Ukimuunga mtu mkono hakuna anayekuuliza umemuunga sehemu gani. Waingereza wao wameukata mkono vipande viwili, cha juu hadi kwenye kifundo ni "arm", kinachobaki chini chenye vidole ni "hand". Kwao hilo halina mjadala, kama kwetu halina mjadala kwamba wali si mchele. Wao kila kitu ni "rice", mbichi na mbivu, na sisi tunawashangaa.

Desemba daktari alimpima Fortunat, akaandika ripoti kwamba ana kovu refu la panga upande wa nje, kati ya kiwiko na bega la kushoto. Januari likaja jibu la uhamiaji. Aya ya kumi na tatu ilisema hivi, nakufasiria: Ulidai kwamba ulikatwa "hand" yako ya kushoto. Daktari wako mwenyewe hakukuta alama yoyote kwenye "hand" zako zote mbili. Kovu lililoko kwenye "arm" hukulitaja katika mahojiano. Kwa hiyo hatuamini kwamba ulipata jeraha hilo kwa njia uliyoeleza, wala hatuamini mengine. Ombi limekataliwa. Baba, yote yaliyobaki yalikuwa yameshikamana, tarehe, majina ya mito, jina la kamanda. Palipokatika ni hapo tu, kwenye kifundo.

Wakili wake ni Bwana Alnashir, mzaliwa wa Mwanza, ofisi yake ipo juu ya duka la vitambaa hapa hapa kwenye barabara kuu ya Thornton Heath. Kiswahili anakijua kuliko wanangu wote, nami nina mmoja tu. Aliposoma aya ile alicheka, aliniambia baadaye, kwa sababu alidhani ni jambo la kumalizwa kwa barua moja. Alinipigia simu Februari. Aliniita Dada Mardhiya, akaniulizia watu wa nyumbani, kisha akaniomba nimwandikie mistari mitatu tu: kwamba neno alilotumia Fortunat ni mkono, kwamba mkono ni vyote viwili, na kwamba "hand" lilikuwa chaguo langu mimi. Nilimwambia nitafikiri. Akashangaa kidogo kwamba jambo hilo linahitaji kufikiriwa, lakini ni mtu wa adabu, akaniaga.

Nilifikiri wiki ya kwanza, nikafikiri ya pili. Rufaa ikasikilizwa Aprili bila mistari yangu. Bwana Alnashir alimweleza jaji mwenyewe, lakini wakili si shahidi. Jaji akasema kwamba mwisho wa mahojiano Fortunat aliulizwa kama alimwelewa mkalimani, naye akajibu ndiyo, anaeleweka vizuri sana. Tena, akasema jaji, kuna karatasi ndani ya faili inayothibitisha kwamba ufasiri ulikuwa sahihi. Karatasi hiyo nitakuja kuieleza. Mwezi wa Mei rufaa ikatupwa. Tangu hapo Fortunat anatakiwa kwenda kuripoti kila Alhamisi, na kila Alhamisi anakwenda na mfuko wenye mswaki na nguo za kubadilisha, kwa sababu siku yoyote anaweza kuzuiwa huko huko na kupakiwa ndege.

Haya yote niliyajua na nikaendelea na kazi zangu. Napika, napanda treni, nasema mimi damu haikatiki. Nikawa najiambia kwamba ni "mistake", na "mistake" kila mtu hufanya, na kosa moja haliachi mke.

Halafu mwisho wa Mei nilikwenda soko la Lewisham kutafuta ndizi. Kuna mama mmoja wa Kikongo, Placida, ambaye Jumamosi nyingine huwa na mkono wa tembo za kweli, si zile ndizi ngumu za kukaangia wanazouza wengine. Nilikuwa nimeinama nazichagua nikasikia mtu ananiita mama. Ni Fortunat, katoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alifurahi kuniona, baba. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniulizia mume wangu, mtoto wangu, afya yangu. Akaniambia mambo yake yamekwenda vibaya, kwa unyenyekevu, kama vile ananiomba msamaha kwamba kazi yangu nzuri imepotea bure. Kisha akaniuliza jambo ambalo alisema limekuwa likimnyima raha.

"Mama, weye ulikuwa pale," alisema. "Pengine ni miye nilisema mubaya?"

Alisema ameisoma barua ile kwa msaada wa kijana wa kanisani mara nyingi mno, na haelewi kwa nini imeandikwa kwamba alisema kitu kingine. Ameanza kuamini kwamba siku ile alichanganyikiwa akasema uongo bila kujua. Mchungaji amemwambia huo ni mshtuko, watu waliopita kwenye vita husahau. Sasa hajui ni mangapi mengine ameyasahau. Akakunja mkono wa shati pale pale mbele ya ndizi, akanionyesha kovu, akaniuliza hapo kwa Kiswahili cha kwetu panaitwaje.

Nilimwambia panaitwa mkono. Nikamwambia nina haraka, nimechelewa treni. Ndizi niliziacha, na Mama Placida ananinunia mpaka leo.

Baba, sasa nafika kwenye ninachotaka kukiri, na nakuomba ukisoma usimsomee mama kwa sauti.

Ile siku ya Novemba ilikuwa Ramadhani, nami nilikuwa nimefunga. Mwezi wa Novemba huku jua linazama saa kumi na dakika kumi, na mahojiano yalikuwa yameanza saa saba. Tulipofika kwenye habari ya panga ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Chumba hakina dirisha. Nilikuwa na tende tatu katika mkoba, nimezifunga kwa karatasi, na akili yangu ilikuwa mkobani. Fortunat aliposema "mukono" alinyanyua kiganja cha kulia akajishika juu ya kiwiko cha kushoto, juu ya koti. Ofisa alikuwa ameinamia karatasi yake, hakuona. Mimi niliona. Nilisema "hand" kwa sababu ndilo neno lililokuja kwanza, na kabla halijanitoka mdomoni lote nilishajua kwamba silo. Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani, naomba kurekebisha. Neno moja. Lakini ukirekebisha, ofisa hufuta, huandika upya, huuliza upya, kila mtu hutia saini pembeni, na jua halingoji mtu. Nikanyamaza. Baada ya robo saa tulimaliza, nikatoka ukumbini nikala tende zangu, na nilimshukuru Mungu.

Mtu aliyefunga hufunga na ulimi wake. Wewe ndiye uliyenifundisha hilo.

Tena usidhani kwamba tofauti ya maneno hayo sikuwa naijua. Niliijua tangu mwaka tisini na tano, Ghalia alipoanguka kwenye bembea akiwa na miaka minne. Nilimkimbiza hospitali nikamwambia nesi mtoto kaumia "hand", na nesi akakibonyeza kila kidole kimoja kimoja, taratibu, huku mtoto analia na mimi nakasirika kwamba mwanamke huyu hajui kazi. Mpaka Ghalia mwenyewe alipojishika karibu na bega. Nesi akanitazama, akanigusa kiganja akasema hii ni "hand", akanigusa juu akasema hii ni "arm". Alikuwa msichana mdogo, hakunidharau hata kidogo. Siku hiyo ndipo nilipojifunza, na sijapata kusahau.

Na ile karatasi ya ndani ya faili. Baada ya Bwana Alnashir kunipigia simu, aliwaandikia pia wakala wangu kuulizia ufasiri wa siku ile. Wakala wakaniletea fomu. Ilikuwa na swali moja: je, unathibitisha kwamba ulifasiri yote kwa usahihi, kadiri ya ujuzi wako? Kuna kisanduku cha ndiyo na kisanduku cha hapana. Ukitia alama kwenye hapana wanakutoa katika orodha, na ukitolewa na hawa hakuna wengine wanaokuchukua. Nilitia alama kwenye ndiyo. Nikatia saini jina langu na lako, Mardhiya Himid, kwa mwandiko ule uliokuwa ukinisifia. Hiyo ndiyo karatasi aliyoishika jaji.

Kwa hiyo Novemba nilifanya kosa, na Februari nikalirudia kwa kalamu.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Bwana Alnashir bila kuitwa, nikamwambia hivi nilivyokwambia. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunilaumu, akachukua karatasi akaandika. Jana Ijumaa nilirudi kutia saini maelezo hayo mbele ya shahidi. Nilimwomba amwite na Fortunat, kwa sababu sikutaka ayasome kwa msaada wa kijana wa kanisani. Alikuja, akakikung'uta kiti, akakaa. Nilimweleza mwenyewe kwa Kiswahili chetu, pole pole, habari ya neno, habari ya tende, habari ya fomu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, na ningeyapokea.

 Aliuliza jambo moja tu.

"Ni kusema sikusahabu?"

Nilimjibu kwamba hakusahau. Kwamba alisema sawasawa, na alionyesha mahali sawasawa, na kichwa chake hakina ila. Akafunika uso kwa viganja akalia kwa furaha, baba, na Bwana Alnashir akageukia dirisha kama anatazama basi. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Hakuna ahadi yoyote. Bwana Alnashir ameyapeleka maelezo yangu kuomba kesi ifunguliwe upya, na anasema huenda wakakubali, huenda wakasema nimechelewa, huenda wakasema mkalimani aliyedanganya mara moja haaminiki hata anapokiri. Kwa wakala nimekwishaandika mwenyewe, kabla hawajaniandikia. Ukalimani kwangu umekwisha. Alhamisi nitakwenda na Fortunat kuripoti, na nitakaa naye kwenye benchi kama mtu na nduguye. Hussam amesema vyema, akaongeza kwamba huenda sasa nitapumzika. Sijui. Uchovu huu si wa miguu.

Sasa ule ukurasa mmoja. Ni ukurasa wa tisa, ule wenye picha ya mtu uliyomchora kwa rula, mwenye majina ya viungo na mishale. Mshale wa mkono unaanzia begani, na mwisho wake umeandika "hand – mkono". Nilipoufungua mwezi wa Machi nilikaa nao jikoni mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimerudi darasa la tano, skuli ya Wete, mwaka sabini na tatu. Umesimama mbele ya ubao, umenyoosha mkono wako mzima hadi chaki inagusa dari, unasema "hand", na sisi watoto arobaini tumenyoosha yetu yote, tunaitikia "hand". Neno "arm" hukulitaja siku ile wala siku nyingine, na nadhani hakuna aliyekutajia wewe.

Nilitaka sana kukutupia lawama, baba, na nisamehe kwa kulisema. Kwa wiki kadhaa nililibeba hilo kwenye treni: alinifundisha hivyo, ndilo lililokuja kwanza mdomoni, kosa si langu. Lakini miaka saba kabla ya Fortunat kulikuwa na yule nesi.

Basi jibu la ukurasa wa ishirini na nne ni hili, uwaandikie watoto kwa maneno yako. La ubaoni mwaka sabini na tatu ni "mistake". Ni lako, na halina dhambi. La saa kumi kasoro, na la kwenye kisanduku, ni "fault". Ni langu. Na katika ile methali, kosa la kwanza weka "mistake", la pili na la tatu weka "fault", na la kurudiwa ni lile lile la mwanzo. Huwa linageuka katikati ya safari, pale mwenyewe anapojua.

Ukurasa wa tisa nimeurudisha na masahihisho. Sikufuta mshale wako. Nimeongeza mstari mdogo kwenye kifundo na neno moja juu yake. Tafadhali, siku utakayoufundisha, usiwaonyeshe ubaoni tu. Mshike kila mtoto kiganja, kisha mshike juu, kama alivyonishika yule msichana.

Nisalimie mama, na umwambie dawa ya goti nimempa mtu anayekuja mwezi ujao. Nisalimie Mwalimu Method na wote wa barazani. Ghalia anakusalimu, kwa Kiingereza, lakini salamu zenyewe ni za kweli. Hussam anaomba dua yako kwa mgongo. Mimi naomba uniandikie, hata kama ni mistari miwili, hata kama ni ya ukali. Nitangoja.

Nakupa mkono, baba, ule wetu usiokatwa, kuanzia begani.

Ni mimi mwanao,
Mardhiya